Maharage ya bibi tuliyala msibani

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini kwako. Mimi ni muuza pembejeo hapa Moshi, kaduka kadogo tu upande wa Mbuyuni, nauza mbegu za paketi, dawa, mbolea ya kupima kwa kilo na mabomba ya kupulizia, kwaiyo msije mkasema huyu ni wale wa kupinga maendeleo, mahindi ya chotara ndio yananilipia ada za watoto. Ila kuna jambo limenikaa rohoni tangu mwaka jana na nimeona nisipolitoa litanipasua.

Bibi yetu mzaa mama alifariki huko Uru, mwezi wa tatu mwanzoni. Misiba ya kwetu mnaijua, watu wanajaa, kamati ya chakula inaundwa hapo hapo chini ya migomba, wamama wanaingia jikoni na masufuria yanaazimwa mpaka kanisani. Siku ya pili maharage yaliyonunuliwa yakaonekana hayatoshi. Kuna mtu, simjui na wala sitaki kumjua maana alifanya kwa nia njema, akapanda darini juu ya moto akakuta kibuyu kimezibwa na gunzi na pembeni yake galoni la lita 5, ndani maharage yamechanganywa na majivu, basi akayateremsha, akayapepeta, akayaosha, yakaingia kwenye kande. Nilikula sahani mbili. Na nikasifia kabisa, nikasema leo kande limekubali.

Wiki mbili baadae mvua zikaanza kuonyesha dalili, mama mdogo akapanda darini kuchukua mbegu. Akashuka na kibuyu kitupu. Akakaa kwenye kigoda akalia upya, na safari hii hakuwa analilia bibi.

Hayo maharage hayakuwa na jina la kitaalam, sisi tulikuwa tunayaita tu maharage ya bibi, na yeye alikuwa anayaita ya mama mkwe wake, kwaiyo piga hesabu mwenyewe yalikaa pale kwa miaka mingapi. Yalikuwa ya kutambaa, yanapanda kwenye mahindi na kwenye uzio, mengine yanakwea mpaka kwenye mibuni. Hayakomai yote kwa mpigo kama haya mafupi tunayouza madukani, unachuma leo kidogo, kesho kutwa kidogo, na ukiwa na njaa unakula hata majani yake. Yalikuwa yanaiva upesi, hayamalizi kuni, na kiburu chake kilikuwa laini mno, ndizi na maharage vinashikana mpaka hujui kipi ni kipi. Saivi mama mdogo akipika kiburu na maharage ya sokoni kila mtu anakula kimya kimya, hakuna anayesema kitu ila tunajua.

Baada ya hapo ndio nikaanza kuwasikiliza vizuri wateja wangu. Kwa wiki sikosi mzee mmoja au wawili, hasa wamama kutoka juu huko Kibosho, Old Moshi, Marangu, anaingia dukani anaangalia paketi zote ukutani alafu anauliza, mwanangu huna ile mbegu ya zamani? Zamani nilikuwa nawajibu kwa mzaha, namwambia mama ya zamani imestaafu. Sasa hivi sina ujasiri wa kusema hivo. Na hata ningekuwa nayo nisingeweza kuiuza, maana mbegu ya kuuzwa dukani lazima iwe imethibitishwa na TOSCI, yaani taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, iwe na lebo, nikiweka maharage ya bibi kwenye bakuli pale kaunta siku mkaguzi akipita nina kesi. Sheria sibezi, mimi ndio naumia wa kwanza mbegu feki zikiingia sokoni, mkulima haendi kumtafuta aliyetengeneza, anakuja kunishika shati mimi. Ila mbegu ili isajiliwe inatakiwa ijulikane tofauti yake na nyingine, mimea yake yote ifanane na isibadilike mwaka hadi mwaka, na mbegu za bibi zetu nyingi ni mchanganyiko, ndani ya kibuyu kimoja unakuta rangi tatu, na huo mchanganyiko ndio ulikuwa akili yenyewe maana mvua ikikata mapema kuna zitakazovumilia, ikizidi kuna zitakazostahimili kutu. Hazifai kwenye lebo lakini zinafaa shambani.

Kuna kijana mmoja mteja wangu, amesomea kilimo, huwa anakuja kununua mbegu za hoho. Nilipomsimulia hii habari ya msibani akaniuliza, sasa kwanini hamkupeleka mbegu Ngaramtoni? Nikamuuliza Ngaramtoni kuna nini. Akanicheka sana. Mhariri, mimi nimepita Ngaramtoni mara ngapi nikienda Longido, barabara ya Namanga ile, nimepita mbele ya ile taasisi tuliyoizoea kwa jina la TPRI, siku hizi ni TPHPA, nilichokuwa najua ni kwamba wale ni watu wa viuatilifu basi. Kumbe ndani mule ndio kuna benki ya taifa ya mbegu, yaani sehemu inayotunza mbegu za mazao za nchi nzima, mtama, ulezi, kunde, maharage, mahindi na kadhalika, na iko kwenye mtandao wa nchi za SADC ambao kituo chao kikuu kiko Lusaka, Zambia, tangu 1989. Na ukienda Tengeru, pale Madiira, kuna kituo cha kimataifa cha mboga, kipo tangu 1992, nacho kina hazina ya mbegu za mboga zetu, mnafu, mchicha, mgagani, ngogwe, bamia. Yaani sisi watu wa kaskazini tumelala katikati ya benki mbili na hatuna habari.

Alinieleza inavyofanya kazi na naona ni vizuri wasomaji wajue maana sio uchawi. Mbegu ikifika inaandikwa imetoka kijiji gani, nani aliitoa, kwao inaitwaje na inatumikaje, alafu inasafishwa na kukaushwa polepole mpaka maji yanayobaki ndani ni kidogo sana, inafungwa kwenye pakiti isiyopitisha hewa na kuwekwa kwenye friza la baridi kali, nyuzi 18 mpaka 20 chini ya sifuri. Hapo maharage ambayo darini kwa bibi yanaota vizuri mwaka mmoja au miwili yanaweza kukaa miaka mingi sana. Kila baada ya muda wanachukua chache wanajaribu kama bado zinaota, zikianza kuchoka wanazipanda upya wavune mpya. Bibi alikuwa anafanya hivo hivo, friza lake lilikuwa moshi wa jiko na majivu, na yeye alikuwa anapanda upya kila mwaka bila bajeti ya serikali.

Sasa kuna wenye mbegu wawili, bibi na benki, na kati yao hakuna njia. Benki inatunza kile tu kilicholetwa. Maharage yetu hakuna aliyeyaleta, kwaiyo benki inaweza kuwa na maharage ya kila mahali lakini ya pale Uru nyumbani kwetu hayamo. Na kwa upande wa pili, hata vile vilivyomo havirudi kwetu. Benki gani hiyo wateja hawajui kama wana akaunti? Najua wanaotumia zaidi ni watafiti wa mbegu, na hiyo ni sawa, kazi hiyo inahitajika sana, hata haya Lyamungu 90, Selian 97 na Jesca tunayokula kila siku yametokana na watu kukusanya maharage ya sampuli nyingi na kuchagua na kuyazalisha kwenye vituo vyetu hapa hapa kaskazini. Sina ugomvi na hilo.

Na nieleze kwanini naona hili ni kubwa kuliko kiburu cha familia moja.

Mwaka 2011 kule Bomet, Kenya, mahindi yalianza kukauka ya kijani, jani linaanza njano linaishia kufa na gunzi halina kitu. Mwaka uliofuata ugonjwa ukaripotiwa na kwetu Tanzania. Mimi nakumbuka vizuri maana wakulima walikuwa wanakuja dukani na majani mkononi, na mimi kwa ujinga wangu nikawauzia dawa ya ukungu, wakapulizia na kupulizia, haikusaidia hata punje, baadae ndio tukaambiwa ni virusi, tena ni virusi wawili wanaoshirikiana, na wanaosambaza ni vidudu vidogo. Ile hela ya watu nilikula bure, na hilo nalikiri hapa. Wataalam walijenga kituo cha kupima mahindi Naivasha, kikafunguliwa 2013, wakaleta mahindi ya aina nyingi mno wakayaambukiza makusudi, na mengi yakafa. Unajua kinga kali ilipatikana wapi? Kwenye mahindi ya kutoka Thailand. Thailand! Kuna watu huko walikuwa na mahindi yao, yakatunzwa, yakatolewa kwa wengine, na leo mkulima wa Afrika Mashariki anapona kwa ajili yao. Angetokea mtu kule akayapika yote msibani sijui leo tungekuwa tunaongea nini.

Marekani nao 1970 yaliwakuta, sehemu kubwa sana ya mahindi yao ya chotara yalikuwa na asili moja upande wa mama, ukaja ugonjwa wa majani unaopenda asili hiyo hiyo, wakapoteza karibu asilimia 15 ya mavuno ya nchi nzima kwa msimu mmoja. Wenzetu wana hela, walibadilisha mbegu mwaka uliofuata. Ireland walikuwa hawana, viazi vyao vikaanza kuoza 1845 na watu kama milioni moja wakafa.

Na kwa sisi wa mlimani zao lenyewe ni ndizi. Mgomba haupandwi kwa mbegu, unapandwa kwa chipukizi, kwaiyo chipukizi la jirani ni ule ule mgomba wa jirani, na ukiwa na ugonjwa unabeba na ugonjwa wake. Mnyauko wa Panama, ugonjwa unaoletwa na kuvu, umeshatumalizia migomba mingi ya kisukari, na mshare wetu, ndizi yetu ya kupika, nao hauna kinga, na huyo kuvu akishaingia kwenye udongo anakaa miongo na miongo, hakuna dawa ninayouza mimi inayomgusa, anayekwambia anayo anakuibia. Dunia ilishapoteza ndizi moja ya biashara kwa ugonjwa huu, inaitwa Gros Michel, kufikia miaka ya 60 wakubwa wa biashara walikuwa wameshahamia Cavendish, ndio hizi za madukani, na sasa kuna aina mpya ya mnyauko inayoua hata hizo Cavendish na mwaka 2013 ilithibitishwa Msumbiji, jirani zetu hapo ukivuka Ruvuma. Ndio maana wale wanaozalisha migomba mipya ya mshare hapo chuo cha Nelson Mandela, Arusha, nawaombea heri kabisa. Lakini na wao mali ghafi yao ni nini kama sio migomba ya sampuli mbalimbali iliyosimama kwenye vihamba vya watu, yaani mashamba ya nyumbani? Ndizi haikai kwenye friza kama maharage, inatakiwa iwe imepandwa mahali au itunzwe kama vimiche vidogo kwenye chupa maabara. Ubelgiji kwenye mji wa Leuven wana sampuli zaidi ya 1,500 za migomba kwenye vichupa. Ubelgiji, ambako mgomba hauoti nje!

Kihamba cha bibi nilihesabu juzi. Mshare upo, mzuzu mashina mawili, ndizi ng'ombe, kimalindi, kisukari kimebaki shina moja linaumwa, na aina mbili ambazo mimi na binamu zangu wote hatujui majina, mama mdogo anajua moja tu, kwamba ni ya pombe. Ulezi wa kukorogea mbege, pombe yetu ya ndizi, bibi alikuwa anaulima mwenyewe wakati maji ya mfongo, yaani mfereji, yanafika, siku hizi tunaununua Mbuyuni umetoka mikoa mingine huko. Chini ya migomba kuna magimbi, viazi vikuu, kahawa, na dawa dawa zake ambazo kaondoka na maarifa yake. Mwaka 2011 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, walikitambua kihamba cha Shimbwe Juu kama urithi wa kilimo wa dunia, hapo Shimbwe na kwa bibi sio mbali, na sisi wajukuu tumekaa kikao cha familia kuulizana tukigawe viwanja vingapi. Mimi nilikuwa upande wa viwanja, nisijifanye mtakatifu.

Kuna watu wakisikia mbegu za asili wanapandisha sauti, wanaanza mabeberu mabeberu. Jamani tupunguze. Maharage yenyewe asili yake ni Amerika, ndizi Asia, mahindi Amerika, kahawa wamisionari waliipanda Kilema mwishoni mwa miaka ya 1800 na sasa tunaiona ya kwetu. Karibu kila kitu tunacholima hapa mlimani kililetwa na mtu, kikapokelewa, mabibi wakachagua kinachowapendeza na kinachovumilia, mpaka kikawa cha hapa. Ndio maana kuna ule mkataba wa kimataifa wa mbegu uliopitishwa Roma 2001 ukaanza kazi 2004, Tanzania tumo, mazao 64 nchi zinapeana sampuli kwa utaratibu mmoja na maharage, ndizi, mahindi na ulezi ni baadhi. Na humo kuna kifungu cha 9 kinachozungumzia haki za wakulima, maarifa yao yalindwe, wapate sehemu ya faida na washirikishwe kwenye maamuzi. Mama mdogo wangu ni huyo mkulima anayesemwa kwenye kifungu cha 9, na hakuna aliyewahi kumwambia.

Chotara nitaendelea kuuza, na mteja akiniuliza mahindi ya ekari tano za biashara nampa chotara bila kusita, na namwambia asirudishie mbegu maana mwaka wa pili yanatoka ya kila sampuli. Ninachoomba ni kitu kidogo sana na hakihitaji mfadhili. Kila kata ina afisa ugani, kila afisa ugani ana simu, awe anapita kwa wazee angalau mara moja kwa mwaka, hasa wamama wazee maana mbegu kwetu ni zao, aulize una nini darini, apige picha, aandike jina linaloitwa hapo, achukue kikombe kimoja kifike Ngaramtoni. Alafu Nane Nane pale Themi, kila mwaka tunaona matrekta na ng'ombe wakubwa, wawekewe na wamama meza ndefu na vibuyu vyao wabadilishane mbegu, na benki ije na pakiti ndogo ndogo za kurudisha vijijini, mkulima mwenye hamu apewe gramu mia akazalishe mwenyewe. Mtu akipoteza mbegu, jirani anayo, jirani akipoteza benki inayo, benki friza likifa kijiji kinayo. Hata Syria vita vilipokata njia ya benki ya kimataifa ya mbegu iliyokuwa kule Aleppo, mwaka 2015 walikwenda kuchukua akiba waliyoiweka Svalbard, Norway, kule kwenye ghala la mbegu lililochimbwa ndani ya mlima wa ardhi iliyoganda, lililofunguliwa 2008. Waliweka mapema, ndio maana walipata.

Na nyumbani kwenu mkiwa na msiba, kabla kamati ya chakula haijaanza kazi, mtu mmoja apande darini atoe mbegu aziweke uvunguni chumbani kwa mama. Nasema kwa uchungu.

Mwisho mhariri nina ombi kwa wasomaji wa Uru, Kibosho na Old Moshi, maana bibi alikuwa mtoaji sana, lazima kuna mtu alipewa. Maharage yenyewe ni madogo, ya mviringo sio marefu, rangi ya maziwa yenye mistari ya kahawia nyekundu, kwenye kitovu chake kuna alama nyeusi kama wanja, na kwenye kibuyu kimoja unakuta machache yamekuwa ya zambarau kabisa, hayo msiyatupe, ni hayo hayo. Yanatambaa. Maua meupe. Mwenye nayo aje Mbuyuni aulizie duka la pembejeo lenye mlango wa bluu, kikombe kimoja kinanitosha, nampa paketi ya mahindi ya kilo mbili na soda juu. Nusu ya kikombe nampelekea mama mdogo apande vuli hii, nusu napanda nayo gari mpaka Ngaramtoni mwenyewe.

Muuza pembejeo,
Moshi